Fundi Anayekaa Nyuma

Kila Jumapili tunaendesha baiskeli pamoja, kila mtu chumbani kwake, baiskeli imefungwa kwenye stendi, na vidoti vyetu vinafukuzana kwenye ramani ya simu, huku tukionana na kusikiana kwa video. Anayetuongoza ni fundi cherehani. Futi yake ya kupimia haimtoki shingoni, na kidole gumba hupapasa usukani kana kwamba anakagua kitambaa. Miguu ya kutuacha wote anayo, lakini kidoti chake hukaa nyuma. Jana kwenye mlima wa ramani niliachwa nyuma hata yake, nikabaki peke yangu, nikataka kuzima simu nisirudi tena.

“Nyie majogoo wa mbele, punguzeni!” fundi akaita. “ Mwanangu anahema.”

“Mama fundi, tutaota mizizi!”

“Oteni. Sindano ikiuacha uzi, imeshona nini?”

Akaacha kukanyaga, akanywa maji taratibu mpaka nikamfikia. Hakuniuliza kitu. Leo Jumatatu, cheni nimeshaipaka mafuta.