Kundi la Mtu Mmoja

Tangu mkewe Mwanabaraka afariki, Gharib bin Athmani alikuwa akila chakula cha mchana huku amesimama. Hakuona haja ya kutandika mkeka kwa ajili ya mtu mmoja. Kazi yake ilikuwa kukereza miguu ya vitanda, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba yake, Mji wa Kale. Lakini mwaka ule wa 1966 watu walikuwa wakinunua vitanda vya chuma, na siku nzima iliweza kupita bila mtu kupiga hodi.

Rafiki aliyembakia alikuwa Zein. Walizaliwa mtaa mmoja, Ramadhani moja, wakapishana siku kumi, na kuogelea walijifunza pamoja. Sasa Zein alikuwa amehamia kwa mwanawe Changamwe, wakawa wanaonana Ijumaa tu, mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi.

Ndipo Gharib aliposikia kwamba klabu moja imeandaa mashindano ya kuogelea ya watu wazima, mwezi wa Agosti, kutoka penye daraja la Nyali hadi Bandari ya Kale. Siku hiyo hiyo alikwenda Changamwe.

"Tuingie sote," alimwambia Zein. "Tuogelee bega kwa bega kama zamani."

"Kwa umri huu, nduu yangu?"

"Wanagawa watu kwa umri. Kila miaka mitano na kundi lake. Tutakuwa na wazee wenzetu."

Zein alicheka, lakini kesho yake akaenda kujiandikisha. Gharib alifuata baada ya siku mbili. Mwenye daftari alikuwa Nicanor, mtu wa bara aliyefanya kazi reli na kuisaidia klabu jioni. Gharib alimpa karatasi iliyoandikwa na babake: Ramadhani kumi na tano, mwaka 1319 wa Hijria. Nicanor akafungua kitabu cha kalenda na kuifuata kwa kidole.

"Disemba ishirini na sita, 1901. Kwa kalenda hii leo una miaka sitini na minne, mzee. Na mwenzako Zein vile vile."

"Alhamdulillahi. Basi tuko kundi moja."

"Hapana. Hatuhesabu umri wa siku ya shindano. Tunahesabu ule utakaokuwa nao mwaka ukiisha, Disemba thelathini na moja. Wewe utakuwa umeshatimiza sitini na mitano. Yeye alizaliwa Januari tano, kwa hiyo atakuwa bado."

Alimgeuzia daftari. Kundi la sitini hadi sitini na nne lilikuwa na watu saba. La sitini na tano hadi sitini na tisa lilikuwa tupu. Na kila kundi lingeanza peke yake, kwa kuwa vidau vya kusindikiza waogeleaji vilikuwa vichache.

Nicanor alimwona alivyolikazia macho kundi lile tupu. Akapunguza sauti. "Sijaandika bado, mzee. Ukiniambia ulizaliwa Ramadhani ishirini na tano, nitaandika hivyo."

Gharib aliitazama karatasi ya babake. Mamake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Hakupata kumjua uso wala sauti. Alichokuwa nacho cha mamake ni tarehe hiyo, na kila mwaka ikifika alimsomea hitima.

"Andika kumi na tano," akasema. "Siku hiyo si yangu peke yangu."

Siku ya shindano Zein na wenzake waliingia majini kwa kelele na vicheko. Baada ya robo saa akaitwa Gharib. Maji yalikuwa yakipwa na kumsukuma kuelekea bandarini, lakini mbele hakukuwa na kichwa cha mtu, wala nyuma. Katikati ya mkondo alisita kidogo, akageuka upande wa kulia, upande aliozoea kuogelea Zein tangu utotoni. Kisha akaendelea. Alipopanda gatini watu walikuwa wameshakwenda kunywa chai. Walimpa cheti cha mshindi wa kwanza, akakikunja mara nne.

"Mwakani Zein naye atahesabiwa sitini na mitano," Nicanor alimwambia. "Mtakuwa pamoja."

Gharib aliusubiri mwaka huo mwezi kwa mwezi. Ulipofika, majina yao yaliandikwa moja chini ya jingine. Wiki moja kabla ya shindano, daktari akamkataza Zein kuogelea, kwa ajili ya moyo. Gharib alitaka kujitoa.

"Usijitoe," Zein akamwambia. "Mimi nitakuja."

Siku hiyo Zein alikuja akaketi ndani ya kidau cha kumsindikiza Gharib, kanzu ameipandisha magotini.

"Wapinda kushoto," alisema kutoka juu.

"Nimepinda kushoto miaka sitini," Gharib akajibu, akatema maji. "Yeo ndiyo waona?"

Wakaendelea hivyo hadi Bandari ya Kale. Gharib alichelewa dakika nne kuliko mwaka uliopita, kwa sababu ya kumjibu Zein.