Alisikia Kidole, Hakusikia Sindano

Mchonga nira za ng'ombe wa kule Tumati amefariki. Habari niliipata kwa dereva wa lori la ngano aliyetoka huko, nikaomba ruhusa kazini nikawahi maziko. Pale kaburini tuliambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni Mkristo, na kwa sababu hiyo naogopa kumsingizia Mungu kazi tuliyoifanya sisi wenyewe. Mzee yule ameuawa na vidonda vya kulala na figo zilizooza kwa mkojo, na vyote viwili vilianza katika siku tatu ambazo mimi nilikuwapo. Msomaji wangu utanisamehe, leo sina maneno laini.

Ilikuwa mwaka wa operesheni, wakati kila mtu alitakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni katika wilaya ya Mbulu, na kwa kuwa niliandika kwa hati nzuri nikafanywa karani wa kamati ya kuhamisha watu. Mchonga nira alikuwa amesimama mkutanoni akasema kijiji kipya hakina maji ya kutosha ng'ombe. Alisema kwa adabu, lakini mwenyekiti wetu hakusahau. Basi asubuhi ya zamu yake ya kuhama, mzee akiwa anateremsha boriti za nyumba yake, akapiga ukelele. Alisema maumivu yamemkaza mgongo kama mkanda, chini kidogo ya mabega. Akakaa. Chai iliyokuwa jikoni haijachemka, miguu yote miwili ilikuwa imeshalegea, hawezi hata kukunja kidole cha mguu. Mkewe akamkimbilia mwenyekiti, maana Landrova ya operesheni ilikuwa palepale inapakia magunia na milango ya watu. Akaomba mumewe apelekwe hospitali.

Mwenyekiti akacheka. Alikuja na sisi wanakamati nyuma yake, akamwamuru mzee afumbe macho, akamgusa mguu kwa ncha ya kidole. "Haya, umesikia?" Mzee akajibu, "Nimesikia. Umegusa kidole gumba cha kulia." Akamgusa kwingine. "Na hapa?" "Hapo ni unyayo." Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akatugeukia akasema, "Mnaona? Mguu uliokufa hausikii. Huyu anatugomea. Mwalimu, andika." Nami nikaandika katika muhtasari, kwa ile hati yangu nzuri: anajifanya mgonjwa ili asihame. Landrova ikaondoka na magunia. Mzee akabaki amelazwa juu ya mbao za mlango wake mwenyewe, mkojo hautoki, tumbo linavimba, na hakuna jirani aliyethubutu kumbeba bila kibali cha kamati. Siku ya tatu ndugu zake walichoka kuogopa, wakamfunga kwenye machela wakatembea naye hadi hospitali. Nilifuatana nao, na nisijisifu kwa hilo, kwani siku mbili nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu nasahihisha madaftari.

Daktari alikuwa kijana wa Tanga, mtu wa maneno machache. Aligusa mguu kwa pamba, mzee akasikia. Akachoma kwa sindano hadi damu ikatoka, mzee akauliza, "Umeshaanza?" Akaweka chupa ya maji ya moto, kisha ya baridi, mzee hakutofautisha. Ndipo daktari akatueleza kwamba hiki ni kiharusi, ila kimepiga uti wa mgongo badala ya kichwa. Mshipa wa damu unaolisha upande wa mbele wa uti umeziba ghafla, na upande huo ndio unaopitisha nguvu za miguu, maumivu na joto. Mguso mwepesi hupita nyuma, kunakolishwa na mishipa mingine, kwa hiyo umebaki. Nikamuuliza kama angepona lau tungemleta siku ileile. Alisema hawezi kuniapia miguu, maana dawa ya kuufufua uti hana. Lakini angemlaza vizuri, angelinda shinikizo la damu lisishuke, angemwekea mpira wa mkojo saa ileile, na wauguzi wangemgeuza kila baada ya saa mbili. "Mmeniletea kibofu kilichoharibika na kidonda kinachoonyesha mfupa," alisema. "Hayo mawili hayakutoka kwenye uti. Yametoka kwenu."

Alirudi nyumbani akaishi miaka michache, akichonga nira akiwa amelala kifudifudi ili kidonda kipumue. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikamwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu. Karibu, mwigizaji bado yuko kazini." Alicheka, mimi nikalia. Kitu kinachonikera hadi leo ni hiki: angejibu tu kwamba hakusikia kile kidole, tungemwamini, tungempakia Landrova. Alisema kweli kuhusu mguu wake, na kweli hiyo ndiyo tuliyomhukumia. Tulijua miguu yake kuliko yeye mwenyewe! Nasi tulikuwa watu tuliokuwa tukiimba utu na udugu kila Jumatatu asubuhi. Sioni ubaya wa watu kuishi pamoja wakagawana shule na zahanati, na bado naamini hivyo. Ninachokichukia ni kamati inayomwona mgonjwa na kwanza inajiuliza anatukwepa vipi. Kamati hizo bado zipo, na makarani wake wana hati nzuri kama yangu.

Baada ya maziko nilikwenda kumpa pole mjane wake. Huyu ndiye aliyemgeuza mumewe kila baada ya saa mbili, kama alivyofundishwa na wauguzi, miaka yote hiyo. Hakunilaumu. Aliniuliza kama ule muhtasari bado upo. Nikamjibu kwamba upo, umefungiwa kabatini ofisini na mihuri yote. Akasema, "Mwalimu, si wewe uliyeandika? Basi kaandike tena."

Nimeandika, mama. Mumeo hakujifanya. Mtu akikwambia mwili wake unamfanya nini, mwamini kwanza, umbebe, maswali utamuuliza njiani.