Maji ya Mkonge

"Kaka, mbona unajipaka maji ya mkonge na wewe hukati?" Ziada alimwuliza kijana wa jirani, wakati huo akiwa darasa la tatu na mashamba ya Kimamba yameanza kufungwa. Kijana alicheka tu, huku akijikuna. Kijana huyo la saba alimaliza, sekondari hakuchaguliwa, na kazi hakuna, lakini kila alfajiri alinoa kisu chake, akaaga kwa sauti, "Haya baba, nimekwenda!" kisha akashinda stesheni akicheza drafti kwa vizibo vya soda. Wenzake walimtania, "Nyapara, leo umekata mizigo mingapi?" Naye hujibu, "Muulize mjomba wako, ndiye aliyenibebea." Jioni alipita kwenye shamba lililomezwa na nyasi, akakata jani moja, akalisugua mikononi na kwenye shati, ndipo akaingia kwao. Wenzake wakiikaribia nyumba ile, utani waliuacha njiani.

Mwaka huu baba wa kijana yule alizikwa. Ziada, sasa yuko kidato cha tatu, alimkuta kibarazani, mikono mikavu, akamwuliza tena.

"Mzee alikuwa haoni, mdogo wangu. Hatukumwambia kama shamba limefungwa. Kila jioni ananishika mikono, ananusa, ndipo anakula."