Mama Sponji Anapungua

Mwaka ule sikukuu zilipokaribia, mtaa mzima ulikuwa na habari moja: Mama Sponji amepungua. Wanawake walimsimamisha njiani, wakamgeuza huku na huku kama nguo inayotafutiwa mnunuzi, wakamuuliza anatumia dawa gani. Wanaume waliozoea kumtania walipigwa na butwaa kwanza, kisha wakaanza kutafuta utani mpya. Yeye aliwajibu wote kwamba dawa ni miguu na mdomo: miguu itembee, mdomo ufungwe.

Jina la Mama Sponji alilipata kwa mambo mawili. La kwanza ni kazi. Alikuwa fundi wa masofa, kazi aliyofundishwa na mjomba wake, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa fremu za mbao, marobota ya vitambaa na vipande vya sponji vilivyopangwa mpaka darini. La pili ni mwili. Alikuwa mnene tangu usichana, mnene mchangamfu, na watu walisema akikalia kochi alilolitengeneza mwenyewe, hujui kochi linaishia wapi. Alicheka nao. Ila siku moja katikati ya mwaka alikuwa sebuleni kwa mteja, amepiga magoti anapigilia kitambaa chini ya kochi, na alipotaka kusimama magoti yakagoma. Akashika kochi, kochi likasogea. Ikabidi mwenye nyumba amwite dereva wake, wakamshika mmoja huku na mwingine kule, wakamwinua kama gunia. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kuanzia hapo akafunga kibwebwe. Soda akaacha, vya kukaanga akaacha, chai akawa anakunywa bila sukari huku uso ameukunja. Alfajiri alitoka amevaa raba za mumewe, akatembea kwa mwendo wa haraka mpaka kwenye tangi la maji la mtaa na kurudi. Mumewe, mlinzi wa ghala la saruji na mtu asiye na maneno mengi, alidhani ni mambo ya wiki moja. Wiki zikapita, mkewe bado anatoka. Wazo la kupima afya lilimjia Mama Sponji mara moja tu, akaona hakuna haja. Mtu anayepungua anakwenda kupima nini?

Mtu mmoja tu hakumsifia, naye ni dada yake mkubwa. Dada huyu alikuwa mpishi wa shughuli, mwenye masufuria ya kulisha harusi nzima, na nyumba yake, mtaa wa pili tu, ndiyo iliyojaa ndugu kila mwisho wa mwaka. Mama yao alipofariki, Mama Sponji alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na dada ndiye aliyemlea, akamvalisha, akamlisha. Sasa kila alipokuja karakanani alikuja na sahani imefunikwa. Hakuuliza kuhusu mazoezi. Alimtazama mdogo wake shingoni, pale mifupa ilipoanza kuonekana, kisha akafunua sahani.

"Kula," alisema.

"Dada, si nilikwambia nimeacha?"

"Kula kidogo nikuone."

Mama Sponji aliona ni wivu. Akamwambia mumewe kwamba dada kazoea kuwa mwembamba peke yake katika ukoo, na sasa amepata mwenzake.

Sikukuu zikaanza. Kwa fundi wa masofa msimu huo ni wa kufa na kupona, maana kila mtu anataka wageni wakute makochi mapya. Mama Sponji alishinda akikata, akipiga stepla, akivuta kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi, na jioni akaoga na kwenda kwa dada, ambako ukumbi ulikuwa umejaa mashemeji, wakwe na watoto wanaokimbizana chini ya meza. Alikwenda na bakuli lake: mboga za majani, maharage, kipande cha samaki wa kuchemsha. Ndugu wakamtania mpaka wakachoka. Shemeji mmoja akasema huyu mwakani atakuja na mfuko wa nyasi. Naye akacheka, akala bakuli lake polepole, na wali wenye mafuta ukapita puani mwake, na nyama ikapita, na keki ikapita. Dada alikuwa akizunguka na sinia, na kila mzunguko alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake kama anayesubiri jibu.

Siku ya kwanza alishinda, na ya pili pia. Siku ya tatu alitumwa stoo kuchukua vikombe, akaikuta keki imefunikwa kwa kitambaa, imeshakatwa. Alikula akiwa amesimama, kwa mkono, mlango ameusukuma kwa mgongo. Akala kipande, akala kingine, kisha akafungua soda kwa meno kwa sababu kiu ilikuwa imemshika kooni kama moto. Akafungua na ya pili. Alipotoka na vikombe alijifuta mdomo, akarudi kwenye bakuli lake la mboga, na watu wakaendelea kumsifia kwamba ana roho ngumu.

Baada ya hapo stoo ikawa desturi. Mchana mtu wa mboga, jioni mtu wa keki. Alfajiri alitoka kutembea kama kawaida, sasa kwa aibu zaidi kuliko kwa nia, na aliporudi alikunywa maji jagi zima bila kulitua. Aliona ni jasho la mazoezi. Usiku aliamka kwenda bafuni mara nyingi, akaona ni yale maji.

Aliogopa sana kuvaa sketi yake ya kazini. Kwa ulaji ule wa kujificha, alijua zipu haitapanda. Siku alipoivaa akafumba macho na kuvuta pumzi, akapandisha zipu. Ikapanda bila shida. Alipoachia pumzi, sketi ikateremka mpaka nyongani.

Kwanza alifurahi. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajiambia mwili umeshazoea, sasa hata akila haunenepi. Halafu akaendelea kusimama pale, ameshika sketi kwa mkono, na furaha ikaanza kumpungukia bila yeye kujua ni kwa nini. Keki yote ile imekwenda wapi? Akatafuta pini, akaibana sketi, akaingia karakanani.

Wiki hiyohiyo alikuwa akijaza mto wa kochi la mteja, anasukuma sponji kwa mkono mzima mpaka pembeni. Alipotoa mkono, kidole kilikuwa kitupu. Pete yake ya ndoa, ambayo kwa miaka mingi haikutoka hata kwa sabuni, ilikuwa imebaki ndani. Akafumua mshono, akaipata, akataka kushona upya. Uzi haukuingia kwenye sindano. Akailamba ncha ya uzi, akasogea dirishani, akaiinua sindano kwenye mwanga, na tundu likawa linaonekana na kupotea, linaonekana na kupotea. Mumewe, aliyekuwa ameketi mlangoni, akaichukua sindano, akatunga uzi mara moja, akamrudishia. Akamtazama kidogo.

"Unanukia matunda," alisema. "Kama matunda yaliyoiva sana."

"Basi si vizuri?" akauliza. Mumewe akasema labda.

Sisimizi ndio walioleta mambo hadharani. Walianza kuonekana bafuni, nyuma ya nyumba, kwenye pembe ya tundu la maji. Mumewe alimwaga majivu, wakarudi. Akamwaga mafuta ya taa, wakarudi wengi zaidi, msururu mweusi unaopanda kutoka ukutani. Mchana mmoja alikuwa akilalamikia jambo hilo pale karakanani, kwamba lazima kuna mtu amemwaga soda ya sikukuu bafuni, wakati dada mkubwa akiingia na sahani yake iliyofunikwa.

Dada akasimama mlangoni. Akauliza sisimizi gani. Akaelezwa. Akaiweka sahani juu ya robota la kitambaa, akapita ndani mpaka uani bila kubisha hodi. Aliporudi alikuwa amebadilika sura. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mdogo wake, akamshika magoti kwa mikono miwili.

"Unaamka usiku mara ngapi?" akauliza.

"Dada, nakunywa maji mengi, ni mazoezi."

"Mama naye alikuwa anakunywa maji."

Mama Sponji akaiweka sindano chini. Kwa miaka yote hiyo dada hakuwa amezungumzia kifo cha mama yao zaidi ya kusema aliugua. Sasa akasimulia akiwa anatazama sakafuni. Mama yao alikuwa mnene kama yeye, na msimu mmoja kama huu akaanza kupungua. Watu wakamsifia. Walisema amerudi usichana, na baba akamnunulia nguo mpya za saizi ndogo. Mama alifurahi, akawa anacheka kwenye kioo. Nyuma ya nyumba, pale mama alipokuwa akikojoa usiku, kulikuwa na sisimizi, na dada, msichana mkubwa wakati huo, ndiye aliyetumwa kila asubuhi kuwamwagia maji ya moto. Jirani mmoja alimshauri mama aende hospitali.

"Akasema atakwenda sikukuu zikiisha," dada alisema. "Hazikuisha akiwa hai. Nilipokuona umekonda nilidhani nikikulisha utarudi. Sikujua kingine cha kufanya, mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kupika."

Mama Sponji alitazama ile sahani iliyofunikwa. Alikuwa ameshajiahidi, kimoyomoyo, kwamba uchovu huu atauangalia mwezi ujao, kazi zikipungua. Akajaribu kusimama, na safari hii si magoti yaliyogoma. Chumba kizima kilisogea upande, fremu na vitambaa na uso wa dada, na alichokisikia mwisho ni mumewe akiburuta kiti.

Hospitalini nesi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akakitikisa, akachukua kingine. Kisha akamwita daktari bila kumwambia mgonjwa chochote. Hiyo ilimtisha Mama Sponji kuliko sindano zote zilizofuata. Alilazwa, akawekewa dripu, na kwa siku za mwanzo alikuwa anaelea tu, akisikia sauti ya dada ikiwahesabia wauguzi alichokula utotoni. Ilipobainika kuwa ni kisukari, tena cha muda mrefu, mumewe alitoka nje akakaa kwenye ngazi, zile raba zake alizokuwa akitembelea mkewe zikiwa ndani ya mfuko mapajani mwake, maana alizibeba kwa haraka akidhani atazihitaji.

Akili ilipomtulia, Mama Sponji akamuuliza nesi lile lililokuwa likimla: je, kutembea kote kule na mboga zote zile zilikuwa kazi bure? Nesi, mwanamke wa makamo mwenye macho ya usingizi, alimwambia hapana. Ugonjwa ulikuwepo tangu zamani, akasema, na huenda mazoezi ndiyo yaliyomshikilia mpaka hapo.

"Ila ulikuwa unajificha nyuma yake," nesi akaongeza. "Kutembea, tembea. Lakini mtu anatembea, na bado anakuja kupima."

Alirudi nyumbani sikukuu zikiwa zimekwisha, na chupa za insulini ndani ya kikopo kilichofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu ili zikae baridi. Macho yakamrudia, sindano akaweza kuitunga mwenyewe. Mwili nao ulirudi kidogo, na watu wa mtaani waliomsifia kwa kukonda wakaanza kumwambia kwa huruma kwamba amejiachia. Hakubishana nao. Alfajiri alitoka kutembea, akala kwa kipimo, akajichoma tumboni kabla ya chakula huku amegeuza uso ukutani.

Mwaka uliofuata ndugu wakajaa tena kwa dada. Mama Sponji alikwenda na bakuli lake, na hakuna aliyemtania. Walimpisha kiti, wakamtazama anavyokula, kisha kila mmoja akatazama sahani yake mwenyewe na kuteremsha sauti. Keki ilikatwa, ikabaki. Shemeji yule wa nyasi alipokea kipande, akakizungusha kwenye sahani, akakiacha. Mama Sponji aligundua kwamba alipenda zaidi walipokuwa wanamcheka.

Dada alipimwa pia, kwa kuburutwa. Majibu yalitoka kwamba yuko mpakani: hajaugua, wala si mzima, na aangalie sana. Alikaa na jibu hilo kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akapunguza mafuta kwenye masufuria yake, akanunua raba, akaanza kutembea na mdogo wake kila alfajiri, yeye nyuma, mwenzake mbele. Lakini kuonja hakuacha. Mpishi anaonja, alisema, na Mama Sponji alimwona mara kadhaa akionja kwa mwiko mzima, mgongo ameupa mlango.

Kuna asubuhi dada hatokei. Mama Sponji husimama mbele ya lango lake gizani, raba zimefungwa, akitazama dirisha lisilo na taa. Pengine amelala tu, kachoshwa na shughuli za watu. Hubisha, husubiri, hubisha tena kwa nguvu zaidi mpaka mbwa wa jirani waamke, na hasogei hapo mpaka asikie mtu akikohoa ndani.