Fimbo Zilizochakaa Katikati

Pale kwenye uwanja wa gofu kila mtu alimwita Gundi, na mwenyewe alishaacha kulikasirikia jina hilo. Kibanda chake cha kutengenezea fimbo kilijibana nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, upande wa mabomba. Hata kabla hujakiona, pua ilikwishakuambia umefika: gundi kali ya kuunganishia vyuma, spiriti, na mpira wa mishikio mipya. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na saba, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi wa viatu. Kazi aliirithi kwa baba yake, na kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na fimbo iliyovunjika pale ambayo haikupitia mikononi mwake.

Kazi haikumchosha. Waliomchosha ni watu.

Aliwajua wachezaji kuliko walivyojijua wenyewe, kwa kuwa yeye aliziona fimbo zao mchana kweupe, zimelazwa mezani, hazina mtu wa kuzitetea. Anayepiga vizuri, mpira hugonga fimbo yake mahali pamoja kila siku, na baada ya miaka hubaki doa la kuchakaa katikati ya uso wa fimbo, kubwa kama kitufe cha shati. Asiyejua, alama zake zimetapakaa kama vifaranga waliotishwa. Lakini pale nje, watu walipimana kwa viatu. Mtu akishuka garini na mfuko mpya, glavu nyeupe na kofia iliyokaa sawasawa, tayari keshakuwa mchezaji.

Mwaka uliotangulia ndivyo ilivyokuwa. Alikuja bwana mmoja waliyemwita Suruali Nyeupe, fimbo zake zinang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Nahodha wa timu, mwenye duka la dawa mjini, akamweka mbele kabisa kwenye orodha ya wachezaji wanane wa mechi na klabu ya jirani. Gundi alikuwa amembadilishia mishikio wiki hiyo hiyo, akamwambia nahodha, "Mkuu, huyu bwana anaugonga mpira na kisigino cha fimbo, si katikati. Tena fimbo yake kubwa ina mikwaruzo juu ya kichwa. Anapiga chini ya mpira."

"Mama, wewe gundisha tu," nahodha akamjibu huku akicheka. "Mambo ya timu tuachie."

Suruali Nyeupe alipoteza mipira kumi na mmoja kabla ya shimo la tisa, akaondoka na jua likiwa utosini, akidai mgongo unamuuma. Hakuna aliyekuja kibandani kusema, Gundi, ulituambia. Jambo hilo lilimkaa kooni mwaka mzima. Nyumbani alimsimulia mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, mara nyingi hadi mume akawa anamalizia sentensi mwenyewe.

"Wewe gundisha tu," mume angesema bila kuinua macho kwenye madaftari anayosahihisha.

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Najua una hasira. Nimeoa hasira hiyo."

Basi mwaka huu, wiki tatu na ushei kabla ya mechi, nahodha alikuja mwenyewe mlangoni, mikono mfukoni. Mchezaji wake wa nane alikuwa amehamishwa kikazi. "Haya, Gundi," akasema, nusu mzaha. "Wewe si mganga wa fimbo? Nipe mtu."

Gundi alikuwa na jibu tayari, na hilo ndilo lililomponza. Siku mbili nyuma shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa msimamizi wa wabeba mifuko, alimletea mfuko mkuukuu wa turubai wenye fimbo mbili zilizolegea vichwa. "Za yule mama mkunga mstaafu," alisema. "Mwanachama mpya. Huja alfajiri, huondoka kabla watu hawajafika." Gundi alizilaza fimbo mezani moja moja, akavaa miwani, akaziinamia. Hazikulingana hata kidogo: tatu za aina hii, nne za ile, mmoja wa mishikio umefungwa utepe wa hospitali. Lakini kila uso ulikuwa na lile doa, katikati kabisa, limezama hata kidole kinalisikia. Kwenye mshikio wa fimbo namba saba dole gumba lilikuwa limechimba kishimo. Mkono uliozishika fimbo zile ulizishika vilevile maelfu ya mara.

Aliona pia kwamba zilikuwa ndefu, zimeongezwa kipande juu kama urefu wa kidole. Na kile kishimo cha dole gumba kilikuwa kipana. Alijiambia, basi ni mama mrefu, mwenye mikono ya kazi. Hakuuliza zaidi.

"Yule mkunga," akamwambia nahodha. "Anawashinda nyote."

"Una hakika? Kadi yake ya alama haina kitu, mgeni bado. Na nimemwona mara moja, amevaa raba za kutembelea na kofia ya kulimia."

"Umeona kofia. Mimi nimeona fimbo. Fimbo haina sababu ya kunidanganya."

Nahodha akatoa kalamu. Jioni ile ile majina yalibandikwa ubaoni na nakala ikapelekwa klabu ya jirani. Gundi alirudi nyumbani akipiga mluzi, hata mumewe akauliza ni adui gani kafa.

Siku ya tatu asubuhi mlango wa kibanda ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mama wa miaka kama sitini na tano, mnene, mfupi, utosi wake unamfikia Gundi begani, kofia ya kulimia imemkaa upande kwa haraka.

"Ndiye wewe unayeitwa Gundi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa niambie, binti yangu, mimi nimekukosea nini?"

Gundi alimtazama kutoka kofia hadi raba, akaitazama mikono yake: midogo, laini, ya mtu aliyenawa kwa sabuni maisha yake yote.

"Zile fimbo..." akaanza.

"Zile fimbo ni za marehemu kaka yangu. Miaka thelathini alizicheza. Alipokufa watoto wake walitaka kuzitupa, nikazichukua. Daktari kaniambia nitembee kwa ajili ya presha, na kutembea bila kitu mkononi naona aibu. Kwa hiyo natembea, napiga, natembea. Jana napigiwa simu naambiwa niko kwenye timu. Timu gani? Mimi mpira ukiruka hatua ishirini nashukuru Mungu!"

Wakaenda pamoja kwa nahodha, Gundi nyuma kama mtoto aliyevunja dirisha. Nahodha alisikiliza hadi mwisho, na uso ukabadilika rangi.

"Mwaka jana nilidanganywa na suruali," akamwambia Gundi mbele ya watu wa mapokezi. "Mwaka huu nimedanganywa na wewe. Afadhali suruali."

Mtu mmoja akacheka. Gundi alitamani sakafu ipasuke. Kilichomuuma zaidi si maneno yale, ila kwamba yalikuwa kweli. Miaka yote amewasema watu wanaomtazama mtu na kujiona wamemmaliza, na yeye hata kutazama hakutazama.

Nahodha alisema orodha haibadiliki ila kwa cheti cha daktari. Akamgeukia mkunga kwa sauti ya upole. "Mama, si ungetafuta tu cheti? Wewe unawajua wote kule hospitali."

Mkunga akainua kidevu. "Miaka thelathini na minne nimewakatalia watu vyeti vya uongo, mwanangu. Unataka nianze leo?" Akatoka. Alipofika nje akamwambia Gundi, "Umeniandika, basi nifundishe. Au nalo la kufundisha hujui?"

Alijua. Nyuma ya kibanda kulikuwa na wavu ambao baba yake aliufunga zamani, na kila fimbo aliyoitengeneza Gundi aliipigia pale mipira kumi kabla ya kuirudisha. Piga hesabu ya miaka ishirini na miwili. Lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kucheza mashindano, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanachama aliyewahi kusimama kumtazama akipiga.

Siku kumi na tisa walikutana kwenye wavu ule saa za chakula cha mchana. Siku za kwanza zilikuwa adhabu. Fimbo zilimzidi mkunga urefu, zikimgonga tumboni, na mpira ukienda kokote ila mbele. Gundi alisaga meno. Mkunga naye alikuwa mwalimu wa wanafunzi wakunga zamani, hakupenda kukaripiwa.

"Usiniambie 'legeza mikono' mara ya hamsini," alisema siku ya tano. "Nimezalisha watoto kwa mikono hii. Niambie kitu kingine."

Gundi akaiangalia fimbo mkononi mwa mama yule, kisha akasema alichokuwa akikiogopa. "Mama, hizi zinatakiwa kukatwa. Nikikata, hazitakuwa tena za kaka yako."

Mkunga alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikipitisha kidole kwenye kile kishimo cha dole gumba, dole lake likapotea humo. Mabomba yalikuwa yakilia nyuma ya ukuta, mtu anaoga.

"Alikuwa mkubwa yule," akasema. "Mlangoni aliinama." Kisha akamkabidhi. "Kata. Ila huu mshikio usiutupe, nipe nikae nao."

Gundi alikata fimbo saba kwa msumeno wa chuma, akazivalisha mishikio myembamba, hakumtoza. Kesho yake mpira wa kwanza ulienda moja kwa moja katikati ya wavu. Wote wawili waliutazama kama watu waliomwona mgeni aliyepotea njia.

Siku ya mechi Gundi aliomba ruhusa akambebea mkunga mfuko. Kwenye klabu ya jirani, mlangoni, kijana wa mapokezi aliwatazama wawili hao, mmoja na ovaroli, mwenzake na kofia ya kulimia, akawaelekeza mlango wa jikoni. "Tunacheza," mkunga akamwambia. Kijana akaomba radhi mara tatu, lakini macho yake bado yalikuwa kwenye raba.

Mpinzani alikuwa mama wa benki, mchezaji wa kweli, mtaratibu. Alishinda mashimo manne ya mwanzo. La tano mkunga akalichukua kwa mpira uliotembea polepole juu ya nyasi fupi, ukasita ukingoni mwa shimo, ukaingia. Gundi alipiga kelele hadi akaambiwa atulie. La tisa wakagawana. Kwenye shimo la kumi na tatu mchezo ulikwisha, mkunga ameachwa mashimo sita na yamebaki matano tu ya kucheza, na akampa mpinzani mkono huku ameloa jasho, anacheka.

Timu nzima ilifungwa mechi tano kwa tatu. Jioni, kwenye chumba cha vinywaji, nahodha alisimama kuwashukuru wachezaji. Akasema wamejitahidi, ila mwaka ujao wataangalia zaidi uchaguzi wa mtu wa nane, maana mambo mengine hayafanyiwi majaribio. Watu wakamgeukia mkunga, wengine wakatazama meza.

Mkunga hakusimama. "Nahodha," akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "wewe umeachwa mashimo mangapi?"

Wote walijua jibu. Alikuwa ameachwa saba. Hata Suruali Nyeupe, aliyekuja kutazama tu, akainamia glasi yake.

Gundi alifikiri atafurahi. Njiani kurudi, kichwa kwenye kioo cha dirisha la basi la timu, aligundua kwamba bado ana hasira, na safari hii hakujua aielekeze wapi. Alimwambia mumewe hivyo alipofika nyumbani.

"Mimi," mume akasema, "nilimpa mtoto mmoja zawadi ya usafi, kwa daftari lake. Kumbe daftari aliliandika dada yake. Mwaka mzima."

"Ukafanya nini?"

"Nilianza kuwaita mbele waandike ubaoni."

Tangu hapo, mtu akileta fimbo, Gundi humwambia kwanza, "Hebu twende kwenye wavu, mzee, piga tano nione." Wengine huona usumbufu, huacha mfuko na kuondoka. Wengine hupiga. Mkunga bado huja Jumanne na Alhamisi, na amewaleta wastaafu wenzake watatu, mmoja na viatu vya ibada. Sasa mipira yao huvuka mbali zaidi ya hatua mia, siku nzuri.

Gundi aliiandikia kamati barua akiomba kutambuliwa kama mwalimu wa wanaoanza, aruhusiwe kuwatoa kwenye wavu na kuwapeleka uwanjani. Nahodha alisema wazo ni zuri, ila kamati itataka kujua mwalimu atavaa nini, maana wageni wanapita. Huu ni mwezi wa nne anasubiri jibu. Barua ya pili mumewe alimsahihishia, herufi kubwa na nukta kila kitu mahali pake. Ya tatu aliiandika mwenyewe, kwa hasira, mistari miwili, mkono mmoja una gundi, akaipitisha chini ya mlango wa ofisi, akarudi kwenye wavu, walikokuwa wakimsubiri mkunga na wenzake.