Mchezo Mkavu

Basi lilitushusha katika mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekata tiketi ya kuufikia. Daraja la mbele limebebwa na maji, dereva akatangaza, na mwenye haraka aogelee. Nilibeba begi hadi jengo la kwanza lenye kibao cha vyumba vya kupanga, nikaelekezwa ghorofa ya sita, nikakuta mlango wa lifti uko wazi, nikainua mguu.

"Wewe! Rudisha huo mguu!"

Sauti ilitoka chini ya sakafu. Pale nilipodhani pana lifti palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mwanamke wa makamo, ovaroli imejaa grisi, tochi kichwani, ananitazama kama mtu aliyeona tofali linamwangukia.

"Kamba hukuiona?"

Kamba nyekundu ilikuwepo, ila ilikuwa imelegea hadi magotini. "Samahani, mama. Sikuiona."

"Hukuiona," alisema, akipanda ngazi ya chuma. "Siku hizi ama watu hawaoni kitu, ama wanaona kupita kiasi."

Alifuta mikono kwa kitambaa. Nilimuuliza habari ya chumba, na kabla hajanijibu alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mpaka lifti ilipotufikisha juu alikuwa ameitazama tena na tena, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya nyumba yake. Ni mjane, watoto wamekwisha kuhama, na jengo zima humwita Fundi Lifti kana kwamba wazazi wake hawakumpa jina. Sebuleni palikuwa na makochi mawili, feni, na kando ya dirisha meza yenye kompyuta iliyofunikwa shuka safi, jinsi watu wanavyomfunika maiti. Nilitaka kuweka begi hapo.

"Si hapo!"

Nililikumbatia begi. Mara mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, akaingia mwanamume mnene mwenye bisibisi ndogo nyuma ya sikio. Alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, fundi simu mwenye kibanda chini ya jengo.

"Kumbe shemeji una mgeni! Mgeni, hiyo mashine usiisogelee. Ndiye mume wake wa pili, na ana wivu kuliko kaka yangu."

"Toka hapa na hiyo mikono yako," alisema Fundi Lifti, huku akimmiminia chai.

"Amejibu?"

"Hajajibu."

Shemeji akaketi, utani ukamwisha. Niliuliza ni nani huyo asiyejibu, na kwa kuwa mvua haikuwa na dalili ya kukatika, nikasimuliwa.

Fundi Lifti ana mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba yao, anayeishi katika mji mwingine ng'ambo ya hilo daraja lililobebwa. Baba yao alipougua, dada alibomoa ukuta wa nyuma wa nyumba ya familia, akaongeza vyumba ili mgonjwa na wauguzi wapate nafasi. Ngazi ya nyuma, ambako mdogo alizoea kukaa na kula machungwa, ikafukiwa na saruji. Mdogo aliijua habari hiyo siku ya mazishi ya baba, alipozunguka nyuma ya nyumba kulia peke yake, akakutana na ukuta.

"Umeongeza bila kuniuliza," alimwambia dada yake mbele ya waombolezaji.

"Na mimi mdomo wangu haukuniomba ruhusa," alinieleza Fundi Lifti. "Nikamjibu, asiyekuwepo haulizwi."

Tangu hapo hawajasemezana. Nyumba yenyewe iliuzwa baadaye, kwa njia ya wakili.

"Hata salamu?" niliuliza.

"Hata chafya."

Lakini mchezo haukukatika. Ni mchezo wa mikakati wa kompyuta ambao walikuwa wameuanza baba akiwa mzima. Kila mmoja ana ufalme wake, anajenga miji, anachonga barabara, anapanga askari, kwa zamu. Anayemaliza zamu yake huhifadhi faili katika kisanduku cha mtandaoni ambacho wote wawili wana ufunguo wake. Mwenzake akilikuta faili jipya anajua kwamba sasa ni zamu yake, na kwamba yule mwingine yu hai. Hawaambatanishi ujumbe. Mdogo akijenga mji, dada anajua mambo yake ni mazuri. Akipitisha zamu bila kugusa kitu, dada anajua anaumwa, na hulala vibaya mpaka zamu ifuatayo.

Mimi si mchezaji, ila nimekaa sana na wachezaji katika safari zangu, na najua kwamba wengi hawachezi mchezo kama ulivyotoka dukani. Huuchomekea modi, vile viongezo vinavyotungwa na watu wa nje ili kuongeza silaha, kupamba ramani au kurahisisha vita. Nikamuuliza wao wanatumia modi gani.

Shemeji alipaliwa na chai. Fundi Lifti akaweka kikombe chini taratibu.

"Sisi tunacheza mkavu," alisema.

Ndivyo walivyouita tangu mwanzo, mchezo mkavu, kama chai kavu isiyo na kitafunio. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Hata nakala ya akiba ya faili ni marufuku, maana mwenye nakala anaweza kurudi nyuma na kufuta kosa lake.

Nilimwambia nimewahi kuwasikia wengine wakizikwepa modi kwa sababu zao. Kuna aliyechoka kuona mchezo unakufa kila watengenezaji wanapoufanyia marekebisho, kwa kuwa modi ya zamani haielewani na mchezo mpya. Kuna aliyesema ushindi wa kubebwa haumkai tumboni.

"Hayo yote kweli," alisema, "lakini ni ya watu wanaopendana. Mimi na yule hatuaminiani kwa lolote. Mle ndani tu ndimo ninamojua kwamba anachokiona ndicho ninachokiona. Nikiongeza hata rangi ya bendera, nimeongeza tena bila kumuuliza." Akaitazama simu. "Na sasa nimeongeza."

"Mimi ndiye niliyeongeza," alisema Shemeji. "Mwambie mgeni ukweli, asije akakufikiria vibaya."

Feni ya kompyuta ilikuwa imeanza kulia, akaitwa aitengeneze. Alipomaliza aliufungua mchezo kuijaribu mashine, akakuta robo tatu ya ramani ni nyeusi tii. Mtu aliyetumia maisha yake kubadilisha vioo vya simu, akiona weusi, anajua neno moja tu.

"Nilisema kioo kimekufa. Nikasafisha. Weusi uko palepale. Nikasema basi ni mchezo wenyewe, umezeeka. Nikaingia mtandaoni, nikakuta kuna kitu kinaitwa Ondoa Ukungu, watu wanakisifu! Nikakichomeka. Ramani ikang'aa mpaka nikafurahi. Nikahifadhi, isije ikapotea kazi ya watu."

"Ule weusi ndio mchezo," alisema Fundi Lifti. "Ni nchi yake. Siruhusiwi kuiona mpaka nifike kwa miguu."

"Sasa mimi ningejuaje kwamba kuna watu wanalipia giza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Faili lililohifadhiwa na Shemeji lilikuwa limekwenda moja kwa moja kisandukuni. Mdogo mtu akaona faili jipya, akadhani dada amemaliza zamu, akafungua. Fundi Lifti akanisogezea simu nione onyo ambalo mdogo wake lazima alikutana nalo: mstari mwekundu unaosema mchezo huu umebadilishwa na hauwezi kufunguka bila kiongezo kiitwacho Ondoa Ukungu.

"Kisanduku kinaonyesha kwamba alifungua," alisema. "Baada ya hapo, kimya."

"Modi haing'oki?"

"Ukiing'oa, faili halifunguki kabisa. Ukiiacha, mimi ni mwizi. Nakala sina, si nimekwambia ni marufuku?"

Kutoka chini mteja alikuwa akimwita fundi simu kwa mbinja. Shemeji akashuka. Mlango ulipofungwa, Fundi Lifti alivuta kiti karibu na changu, na sauti ikapungua.

"Hajui yote, yule. Nilipoiwasha mashine siku ile, kabla sijaelewa kulikoni, niliona."

"Uliona nini?"

"Mpakani huko nilikuwa naijua miji yake miwili tu. Mmoja ameuita Sitoki, wa pili Njoo Uone. Basi nikawa najua huko gizani ananipangia vita, na mimi nikajaza askari. Kumbe hana jeshi. Nyuma ya Sitoki kuna mji unaitwa Chumba cha Baba. Kuna Jikoni. Kuna Mlango Unaokwaruza. Kuna mmoja mdogo, katikati kabisa, umezungukwa na mashamba, hauna hata mlinzi. Ngazi ya Nyuma." Akavuta pumzi. "Nyumba nzima ameijenga upya mle, mgeni. Kama ilivyokuwa kabla yangu. Na alinificha."

Nilimwongezea chai.

"Nikisema sikuona, nimeongeza uongo juu ya kosa. Nikisema niliona, nimemchungulia bafuni halafu nimemtangazia. Wewe unajua lugha ngapi?"

"Nne, na vipande vya nyingine."

"Basi nitafutie neno. La mkubwa kumwambia mdogo."

Tulilitafuta mpaka chai ikapoa. "Samahani" alisema ni ya mtu aliyekukanyaga sokoni. "Radhi" alisema anayo mzazi, si dada. Nilimtafsiria maneno ya mataifa mengine, yenye kuinama na yenye kushika kifua, akayasikiliza kwa adabu kama mtu anayejaribu viatu vya mwenziwe. Kila alichokiandika kilianza na "shemeji yako ndiye," naye akakifuta. Alijaribu kupiga. Simu iliita hadi ikachoka. Akajaribu tena, kwa pupa akabonyeza jina la mtu mwingine, mteja mwenye lifti iliyokwama, ikabidi aongee naye habari za kebo.

Siku zilizofuata alifanya kazi vibaya. Alikaza nati akairudia, akashuka akapanda kuhakikisha mlango umefungwa, na wapangaji wakaanza kutumia ngazi, maana fundi mwenye wasiwasi anawaambukiza abiria. Mimi mwenyewe nilianza kuitazama simu yake kila ilipotikisika mezani. Ilikuwa ni matangazo.

Kisha watu wa barabara wakaweka daraja la chuma la muda, na asubuhi habari ikafika kwamba basi letu linaondoka. Limejaa, karani alisema, halina hata nafasi ya kusimama. Nilipanda juu kuchukua begi. Fundi Lifti alikuwa katikati ya sebule, amevaa gauni badala ya ovaroli, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Linapita mjini kwake?" aliuliza.

"Linapita."

Nilitoa tiketi yangu nikaiweka juu ya meza, si ile ya kompyuta. Hakukataa kwa adabu wala kushukuru. Alivaa kiatu cha pili.

Shemeji alimbebea kikapu hadi stendi, akihema na kubwabwaja. "Mwambie ni mimi, shemeji. Mwambie kuna bwege mmoja anadhani ukungu ni uchafu. Atacheka, atasamehe."

"Sitamwambia ni wewe."

"Sasa utamwambia nini? Umejipanga?"

"Sijajipanga. Namwendea kavukavu."

"Na akikufungia mlango?"

Hapo uso wake ulibadilika, nikaona kwamba hilo ndilo alilokuwa akilipigia hesabu usiku na mchana. "Nitakaa ngazini," alisema. "Kama kwake kuna ngazi."

Alipanda, akapata kiti changu dirishani. Injini ikanguruma. Ghafla akafungua kioo, akatoa kichwa chote nje, na abiria wa nyuma wakalalamika.

"Mashine msiiguse! Mmenisikia? Wewe hasa!"

"Hata vumbi?" Shemeji alipaza sauti.

"Hata vumbi!"

Basi likaanza kusogea. Alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, lakini hakuwa akiitazama. Alikuwa akitazama mbele, kwa juu ya kichwa cha dereva, kule darajani.

"Vumbi huua feni," alinong'ona Shemeji, bisibisi tayari iko mkononi.

Nilimshika mkono.