Matabishi ya Kwenye Simu

Vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Ninyi mnafungua kundi la simu asubuhi, mnalibandika jina kubwa, mnaingiza watu bila kuwauliza, na likinyamaza mnasema watu hawana akili. Watu wana akili. Ninyi ndio hamjui kuongea nao. Mimi shule niliiacha mapema, na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja. Lakini nimekaa sokoni tangu nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na bado sijaona soko lililokaa kimya. Basi sikilizeni.

Kundi lilifunguliwa na mjukuu wangu. Anaishi kwangu hapa Kolwezi na ananiita Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Tunauza unga wa muhogo, mimi sokoni, yeye kwa simu. Mteja anaagiza, motari anabeba kwenye pikipiki yake, anapeleka. Humo ndani ya kundi alikusanya akina mama wa biashara. Wengi walikuwa wa unga kama sisi, na mshonaji alikuwemo, na mama anayetengeneza sabuni ya maji, na mama wa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho wachimbaji wanakitafuta wakitoka kwenye mashimo.

Kichwani mwake mjukuu wangu alikuwa na jambo moja: kamyo, lori la mizigo. Alimpata dereva anayekwenda Sandoa, kule muhogo mkavu unakotoka mikononi mwa wakulima wenyewe. Dereva alikubali kutubebea akirudi, lakini hakutaka habari ya magunia machache. Mjaze kamyo, alisema, au nibebe mzigo wa watu wengine. Na mvua zilikuwa karibu. Ile barabara ikishanyeshewa, kamyo inaingia matopeni na dereva analala juu ya mzigo. Hakuna mama mmoja kati yetu aliyeweza kuijaza peke yake. Ilibidi akina mama waongee na waelewane kabla dereva hajaondoka.

Hawakuongea.

Mtoto alikuwa amefuata mafunzo ya vijana wajasiriamali. Huko walimwambia kila asubuhi aweke swali, watu watachangamka. Akaweka: «Bonjour bamama wajasiriamali, lengo lako la juma hili ni nini?» Na ua jekundu chini yake. Mama wa sabuni akajibu, «Amina.» Mwingine akaweka mikono ya kuomba. Mwingine akatuma picha ya kikombe cha chai yenye maneno ya baraka. Siku iliyofuata mtoto akauliza waziwazi: nani ataweka magunia kwenye kamyo ya Sandoa? Wote wakasoma, kwa sababu simu inaonyesha nani amesoma. Hakuna aliyejibu, na mama mmoja akatoka kwenye kundi bila kuaga.

«Kambo, banaona, lakini hakuna mwenye kujibu,» akaniambia. «Miye nitafunga hii kundi.»

«Na kamyo?»

«Kamyo itaenda na bitu ya bengine.»

Nilikuwa nachekecha unga. Nikaweka chekecheo chini.

«Mu soko, ni nani alishaka kukuuliza lengo yako ya juma?»

«Hakuna.»

«Na mutu akikuuliza?»

Akacheka kidogo. «Nitawaza anatafuta kuniloga.»

«Njo vile na beye banawaza,» nikamwambia, yaani ndivyo na wao wanavyowaza.

Sokoni hakuna anayeanza mazungumzo kwa kumchungulia mwenzake tumboni. Watu wanaanza na kinachowawasha. Nikamwambia anitafutie kinachowawasha, na aache maua.

Kabla hajatafuta, kilikuja chenyewe. Mteja wetu mmoja, mke wa karani, alipiga simu akiwa amekasirika. Unga umefika, alisema, lakini bila matabishi. Kama ni hivyo atarudi kununua sokoni.

Matabishi ni ile konzi unayoongeza juu baada ya kupima. Kipimo ni haki ya mteja, matabishi ni heshima yake, na mwenye kunyima matabishi watu wanampita wakiangalia pembeni. Sasa, ule unga niliupima mimi mwenyewe, kwa meka yangu, lile bakuli la kupimia ambalo soko lote linalijua. Niliongeza konzi mbili nzuri ndipo nikafunga mfuko. Huyo mama alikuwa na matabishi yake jikoni na alikuwa anaapa hajaipata.

Nikamuita mjukuu. «Leta telefone. Nataka kusema mu kundi.»

«Kambo, utasema nini? Usibagombeze.»

«Leta.»

Nikabonyeza pale pa sauti, nikasema hivi: «Bamama, jambo. Mi naulizia. Mutu ya kununua kwa telefone, matabishi yake ataiona wapi? Namuwekea ndani ya mufuko, nafunga, yeye anasema sikuweka. Njo naibiwa ao njo namuibia? Munijibu.»

Nikarudi kwenye chekecheo. Simu ikaanza kulia, ikalia tena, ikawa hainyamazi.

Wa kwanza alikuwa mama wa munkoyo. Kwake mtu wa simu hana matabishi, maana hakuja, hakusalimia, hakuuliza habari ya watoto. Heshima atampa nani, motari? Mshonaji akamrukia: «Mama, njo maana bateja yako banakukimbia.» Yeye anaweka kipande cha kitambaa juu ya nguo, mteja akifungua anakiona kwanza. Mama wa unga kutoka upande wa pili wa mji akasema matabishi iwekwe kwenye kamfuko kadogo, kafungwe kando. Mama wa sabuni akauliza, sabuni ya maji ataifunga kando namna gani, kwenye kijiko?

Wakacheka humo ndani. Watu waliokuwa wamekaa kimya tangu kundi lifunguliwe wakajitokeza mmoja mmoja. Mmoja akanigeukia mimi: «Kambo, tunakujua mu soko. Matabishi yako ni kama unamulishia kifaranga. Ule mama hakuikosa, hakuiona tu.»

Nikamjibu aje kesho na miwani.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma. Nikaona vidole vyake vinakwenda kwenye simu yake, anaandika kitu kizuri na kirefu. Nikamuuliza anaandika nini.

«Nabashukuru kwa michango yao. Kisha naweka habari ya kamyo.»

«Futa.»

«Kambo, njo saa yake hii.»

«Haiyafika. Ukibashukuru, banajua mukutano unaisha. Futa.»

Akafuta. Alinuna, lakini akafuta.

Wakaendelea kubishana. Mama wa kamfuko kadogo akasema yeye konzi zake ni kubwa na hapati hasara. Hapo mwingine akamuuliza: «Weye unatoa konzi kubwa, muhogo unanunua kwa nani?»

Mimi nilikuwa nalitegea swali hilo hilo, ila sikujua nani atalitoa. Kwetu unaweza kumuuliza mwanamke umri wake, unaweza kumuuliza kwa nini mumewe harudi mapema. Anakonunua mzigo humuulizi. Kila mmoja anaenda kwa muuzaji wake kwa njia ya nyuma, anarudi na gunia limefunikwa kitenge, na jirani anajifanya hajaona. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Ndiyo desturi, na ndiyo iliyokuwa imeizuia ile kamyo, maana kununua pamoja ni kuonyeshana njia.

«Nitasema,» nikamwambia mjukuu.

Akanishika mkono. «Kambo, hapana. Beko bengi ba unga. Batamukimbilia ule muzee wa kutuuzia muhogo, atapandisha bei, tutabakia na nini?»

«Na kamyo ikienda bila sisi, tutabakia na nini?»

Akaachia mkono wangu, nami nikabonyeza.

Nikasema ninanunua kwenye depo iliyo nyuma ya stesheni, kwa mzee mwenye mguu mbovu, na yeye analetewa na watu wa Kasaji, na watu wa Kasaji wanautoa Sandoa. Nikasema na bei anayonipa. Nikaweka simu juu ya meza.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya yule mama wa kamfuko. Kwanza alicheka tu, hakuweza kusema. Kisha akasema: «Kambo, ule wa muguu mubovu? Njo wangu.»

Mwingine akaandika, wangu pia. Na mwingine. Karibu wauza unga wote wa kundi walikuwa wanamficha mzee mmoja, na yeye kila mmoja alimwambia kwamba bei hiyo anampa yeye peke yake. Mmoja alisema aliwahi kupishana na mwenzake mlangoni kwa mzee, kila mmoja akadai amekwenda kumsalimia mgonjwa.

Hapo ndipo nilipomgeukia mjukuu wangu. «Sasa. Andika kamyo yako. Bila maua.»

Aliandika mstari mmoja: kuna kamyo inayokwenda Sandoa kwa wakulima wenyewe, inataka ijae, nani anaweka magunia? Alikuwa bado hajaketi, majibu yakaanza kuingia. Mama wa munkoyo, ambaye hauzi unga kabisa, alitaka gunia la kula nyumbani kwake. Hata aliyetoka alimtuma dada yake aombe arudishwe. Dereva aliondoka hesabu ya magunia yetu ikiwa imetimia, na alirudi kabla barabara haijaharibika. Mzee wa depo alininunia kwa muda. Nilimpelekea unga, na matabishi nikaiweka mbele ya macho yake.

Lakini msidhani kazi iliisha. Muhogo ulipofika, nyumba nzima tulishika kuanika na kusaga. Siku mbili baadaye nikafungua simu nikakuta yule mshonaji ameuliza asubuhi wapi atapata zipu imara za suruali za wachimbaji. Jioni ilikuwa imeingia, na hakuna aliyemjibu. Mjukuu wangu alikuwa ameona. Mwanangu wa kiume tunayekaa naye, ambaye ana rafiki mwenye duka la zipu, alikuwa ameona pia kwenye simu yangu. Alisema alidhani mwingine atajibu.

Nikafunika chungu cha bukari, ugali wetu wa muhogo. Nikawaita wote, mpaka aliyekuwa anaoga, nikawaambia: «Kuanzia leo, mama akiuliza kitu mu kundi, mu hii nyumba hakuna mwenye kugusa bukari mpaka amejibiwa. Kama tunajua, tunamuambia. Kama hatujue, tunamuambia hatujue, na tunamutafutia mwenye kujua.»